Mimba Iliyotokana na Mafuta ya Uso

Sina hakika kama mtu kama mimi anafaa kuandika habari za ngozi. Shule niliishia darasa la saba, na sayansi nadhani nilifaulu kwa huruma ya mwalimu. Lakini hao wanaotufundisha kwenye simu namna ya kutunza uso nao sijaona vyeti vyao, kwa hiyo na mimi nitasema yangu.

Mwaka ule uso wangu ulianza kuzeeka bila kunipa taarifa. Mikunjo ilianzia pembeni mwa macho, ikateremka mpaka mdomoni, ikatulia pale kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote. Mume wangu ni fundi seremala, anajua vizuri mbao zinavyofanya zikikaa juani. Siku moja aliniangalia, akasema, "Jua linakumaliza." Naamini alisema kwa upendo. Ila alikuwa ameshika msasa wakati anasema, na mimi sikupenda jinsi alivyoushika.

Tunaishi pembeni ya mji wa Mbinga, kwenye kahawa. Msimu ukifika, mwanamke anahamia kwenye kichanja cha kuanikia: anageuza kahawa, anachambua punje mbovu, anaifunika mvua ikitishia, anaifunua ikiacha. Hewa ya kwetu ni ya baridi, na ndiyo inayodanganya watu. Unadhani jua halina kazi na wewe, kumbe linaendelea na kazi yake taratibu.

Nikanunua krimu ya retino, ile ya kuondoa mikunjo. Hapa nataka niitendee haki krimu ile, maana haina mdomo wa kujitetea. Kwenye kasha iliandikwa mtu apake jioni, kidogo kama punje ya njegere, na mchana ajikinge na jua. Mimi nilipaka ya kutosha, kwa kuwa mikunjo nilikuwa nayo ya kutosha, halafu asubuhi nikaenda kichanjani kama kawaida. Kabla ya wiki kwisha nilianza kubanduka kama kiazi kilichochemshwa. Krimu iliahidi kuondoa ngozi iliyochoka, ikaiondoa. Haikuahidi popote kwamba mpya ingekuwa tayari.

Nikajifunga khanga mpaka chini ya macho, nikaenda kwenye duka la vipodozi mjini. Mwenye duka ni mzee ambaye babu yake alipanda huku kutoka Pwani na mzigo wa vitambaa, hakurudi. Ni mtu mwema, mvumilivu, hakudanganyi. Kasoro yake ni sauti. Akikuambia siri yako, inasikika mpaka stendi.

"Fungua nione, mama yangu," alisema. Nikafungua. Akafumba macho kidogo. "Hii uliyotumia ni kali, haitaki jua. Wewe unataka kitu cha upole." Akatoa kichupa cheusi. Akasema ni mafuta ya bakuchi, yanatoka kwenye mbegu za mmea wa Uhindini, yanafanya kazi ileile ya retino lakini kwa adabu, hayachuni, hayachomi, ila uwe na subira. "Unachanganya mwenyewe nyumbani na mafuta yako, matone machache tu. Wenye ngozi nyepesi wanapaka. Wauzaji wanasema hata mjamzito anapaka, ingawa mimi namwambia kila mjamzito akamuulize kwanza nesi wake."

Mimi nikasema, "Basi nipe hayo ya wajawazito." Nilisema kwa utani. Uso unapobanduka utani ndio unaobaki.

Nilipogeuka, dada wa mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika fungu la nywele za kusuka.

Wifi yangu ni mtu mzuri. Nasema hivyo bila kejeli, na kejeli ninazo nyingi za kuchagua. Hakuuliza kitu. Aliniangalia usoni, akaangalia khanga niliyojifunga, akaangalia tumbo langu, ambalo kwa miaka mingi limekuwa na ukubwa wa kutosha kumpa mtu matumaini. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete nikubebee."

"Ni kichupa tu, wifi. Hakizidi kidole."

"Lete."

Akakibeba mpaka nyumbani kwangu, kwa mikono miwili.

Inabidi nieleze desturi ya familia ile, la sivyo nitaonekana mjinga kuliko nilivyo. Kwa wakwe zangu, watu wa Lituhi kando ya ziwa, mimba changa haitajwi. Kuitaja ni kuitangaza kwa wenye macho mabaya. Mwenye nayo anaikana, na wanaomtakia mema wanakubali anavyoikana, halafu wanaleta samaki. Na zaidi ya hapo, mke hazungumzi habari za tumbo lake na mama mkwe. Neno kama hilo linapitia kwa wifi, likienda na likirudi, ili wakubwa wasivunjiane heshima. Ni utaratibu mzuri sana. Umeleta amani katika nyumba nyingi. Kasoro yake ni moja, kwamba haukuweka mlango wa kutokea kwa mtu ambaye kweli hana mimba.

Na kuna jambo lingine, si la kucheka. Mume wangu ni mtoto wa kwanza wa kiume, na kwao mjukuu wa kiume wa kwanza kutoka kwake ndiye anayepewa jina la babu. Baba mkwe alifariki zamani. Sisi tulipata msichana mmoja, sasa yuko chuoni Songea, halafu basi. Hawakunisema. Mama mkwe hakuniuliza hata mara moja, na mimi nimeona wakwe wa wenzangu wanavyouliza. Jina lile lilibaki halina mtu, na yeye akawa ananyamaza nalo.

Mimi sikujua lolote lililoanza kutembea. Nilikuwa na furaha na kichupa changu. Nilichukua mafuta ya parachichi, nikayeyusha nta kidogo ya nyuki kutoka Tingi kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, nikachanganya, nikaacha ipoe kabla ya kutia matone ya bakuchi, maana binti yangu alinionya kwa simu kwamba moto unayaharibu. Yananukia kama majani makavu yaliyosahaulika sandukuni. Nilijaribu kwanza mkononi, kwa ndani ya kiwiko, nikasubiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufuata maelekezo na nilijisikia kama mtu aliyesoma. Kisha nikaanza kupaka usoni kila jioni, kiasi cha njegere, njegere ya kweli safari hii. Mchana nikakaa mbali na jua. Kahawa ikageuzwa na mume wangu, ambaye alifanya hivyo bila kulalamika, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili.

Mbasa wakaja, wale samaki wa ziwani. Walikuwa wakubwa, wa kubanikwa, wamepangwa kwenye kikapu na kufunikwa majani, wametumwa na mama mkwe kutoka Lituhi. Chini yao kulikuwa na dagaa, na chini ya dagaa, kwenye kitambaa kilichofungwa fundo, kulikuwa na udongo. Ule mwekundu wa vipande vigumu, wanaoutafuna wanawake wenye mimba.

Nikakaa nao mapajani. Nikaelewa yote kwa mara moja, mzee wa duka, wifi, mume wangu kichanjani.

"Mwambie mama yako," nilimwambia mume wangu jioni ile.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba sina mimba."

"Hajaniuliza kama unayo." Akafikiri. "Halafu akiniuliza nimejuaje, nitasemaje?"

Nilitaka kukasirika, lakini nikajiweka mahali pake. Mtoto wa kiume kusimama mbele ya mama yake na kutoa maelezo ya aina ile. Hata mimi nisingeweza. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe alikuwa ameamini. Akasema hakuamini, ila alikuwa ameanza kutafuta mbao nzuri.

"Mbao za nini?"

"Mbao tu."

Samaki tulikula. Kurudisha samaki wa mama mkwe ni kutangaza vita. Udongo ndio ulinipa taabu. Kuutupa sikuthubutu, kuutafuna sikuwa na sababu. Ukakaa juu ya kabati ukinitazama. Halafu nikaona kwenye simu mwanamke mmoja mwenye uso unaong'aa amejipaka udongo mwekundu, anasema unavuta taka na kutuliza ngozi iliyoungua. Nikaona hiyo ni njia ya haki kwa pande zote: zawadi itatumika, na hakuna atakayedanganywa. Nikawa natwanga kipande kimoja, nachekecha, nachanganya na asali na maji, napaka, nanawa ukianza kukauka. Sijui kama udongo ule ulifanya kitu au ni bakuchi peke yake. Nasema ukweli kwamba uso ulitulia. Kubanduka kuliisha, wekundu ukapungua. Mikunjo nayo nadhani ilipungua, au macho yangu ndiyo yaliyopungua. Sina kipimo.

Wifi akaja kunijulia hali. Alikaa sebuleni, akazungumza habari za bei ya sukari, na macho yake yakapanda kabatini. Kitambaa kilikuwa kimebaki na vipande vidogo tu.

"Umekwisha," alisema, kwa sauti ya chini sana, kama mtu aliye kanisani.

"Wifi, mimi sina mimba."

"Nani kasema unayo?"

"Hakuna aliyesema."

"Basi tulia. Mimi wa kwanza nilimkana mpaka vifungo vya gauni vikagoma."

"Yale ni mafuta ya uso tu. Uso ulinibanduka."

"Sawa. Na udongo?"

"Nimeupaka usoni."

Akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli. "Wifi," akasema, "ukiamua kudanganya, tafuta uongo wenye adabu."

Nikamletea bakuli lenye mabaki ya udongo na asali nimwonyeshe. Akanusa, akasema ule ndio ulaji mzuri, wa kuchanganya na asali, unapunguza kichefuchefu.

Kabla hajaondoka, kwa njia ya kuzungukazunguka, aliniambia mambo mawili yaliyonitoa usingizini. La kwanza, mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya akina mama wa kanisani Lituhi akawaomba wamwombee "mtu wangu aliye safarini." Hakutaja safari gani. Wote walielewa, na walikuwa wanaomba. La pili, alikuwa amepata jirani wa kuangalia mbuzi na mihogo yake, kwa sababu Jumapili ikipita angepanda kuja Mbinga, akae kwetu mpaka mambo yakamilike.

Yule mama hapendi Mbinga. Anasema baridi ya huku inaingia kwenye mifupa na haitoki. Tangu niolewe alikuwa amelala kwetu mara chache mno, na kila mara aliondoka na kikohozi. Sasa alikuwa tayari kuacha ziwa lake ili aje kulinda tumbo lililojaa ugali. Kila siku niliyonyamaza, wanawake wale waliomba siku moja zaidi, na siku wangekuja kujua, yeye ndiye angekuwa mama mzee aliyetamani mpaka akaona kisichokuwepo. Pwani ile ya ziwa watu ni wakarimu, lakini wana kumbukumbu.

Nilijiuliza kama nakwenda kwa ajili yake au kwa ajili ya kujiondolea aibu yangu. Mpaka leo sijapata jibu lisilonipendelea. Nilijifunga khanga, nikateremka Lituhi.

Mama mkwe alikuwa uani anamenya mihogo. Nilipopiga magoti kumwamkia, akanishika bega.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Usipige magoti, mwanangu. Kaa." Akaniletea kiti chake mwenyewe, akaweka mto juu yake, ule aliozoea kuutoa kwa kasisi tu. Yeye akakaa kwenye kigoda. Naomba mnielewe: kwa miaka yote ya ndoa yangu, mahali pangu katika ua ule palikuwa mkekani, na sikuwahi kuona shida. Kwenye kiti kile nilijiona kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima mbele ya mwenye nguo.

Akanipa kichwa cha mbasa. Akaniuliza njia, akaniuliza mvua, akaniuliza kahawa. Hakuuliza kingine. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, au ni furaha. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Mama, nina neno."

"La kwenu wanawake vijana lipitishe kwa wifi yako."

"Nimelipitisha. Halikufika."

Akaendelea kumenya. Nikaona nikisubiri ruhusa nitapitwa na Jumapili.

"Mama, sina mimba. Sikuwa nayo. Na hakuna iliyotoka, msije mkanipa pole. Haikuwepo tangu mwanzo."

Kisu hakikusimama. Muhogo aliokuwa nao ulikuwa umekwisha kumenywa, lakini aliendelea kuumenya, akatoa nyama nyeupe ukanda kwa ukanda, mpaka ukawa mwembamba kama kidole. Kuku wakasogea wakaanza kuokota.

"Dukani uliomba dawa ya wajawazito," alisema mwishowe.

"Yalikuwa mafuta ya uso. Nilikuwa natania."

"Ulikuwa unatania."

"Ndiyo, Mama."

"Na kichanjani mwanangu ndiye aliyekuwa anageuza kahawa."

"Uso uliungua. Nilikuwa nakimbia jua."

"Na udongo wangu?"

Hapa nilifikiria kutafuta uongo wenye adabu. Sikuupata. "Nilitwanga nikapaka usoni."

"Wote?"

"Vimebaki vipande vidogo."

"Ule nimeufuata Kihagara," alisema. "Kwa miguu. Wa hapa una mchanga."

Nilisema samahani, na neno lenyewe likasikika dogo hata kwangu. Nikamwambia nitawaambia mwenyewe wale akina mama, nitasema kosa lilikuwa langu, nilitania dukani.

"Utawaambia wewe," alirudia. "Halafu watasema mkwe wake amemsitiri asiaibike. Bora waseme nimezeeka." Akaangusha kile kilichobaki cha muhogo kwenye sufuria. "Na haya mafuta yanafanya nini?"

"Yanapunguza mikunjo, Mama. Taratibu."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike, vizuri, kama anachagua samaki. "Taratibu kweli," akasema.

Nikamwambia, kwa haki, kwamba ni miezi michache tu. Hakuonekana kushawishika. Akanyanyuka, akaingia ndani, akakaa kule muda. Sikumsikia akilia na sitasema kwamba alilia. Huenda alikuwa anatafuta kitu. Alipotoka alikuwa ameshika ndoo. Akaiweka mbele yangu.

"Basi twende ukachote maji."

Sijawahi kupewa kazi nikaipenda namna ile. Nilitoka kwenye kile kiti haraka mpaka mto ukaanguka.

Ufukweni kulikuwa na wanawake wanasugua sufuria kwa mchanga, wengine wanafua. Niliwajua kwa sura, ni wa kanisani. Walitusalimia, wakaona ndoo mkononi mwangu, wakaacha kusugua. Nikaingia mpaka magotini, nikachota. Nilipotoka, mama mkwe alikuwa amekwisha kusokota kata kwa kipande cha khanga. Akaniwekea kichwani, akashika ndoo upande wake, mimi wangu.

"Mama," mmoja alisema, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, "huyo unamtwisha ndoo?"

"Namtwisha."

"Na hali yake?"

Tulikuwa tumeinua ndoo mpaka kifuani. Mama mkwe hakuishusha wala hakuharakisha kuipandisha. Desturi ilikuwa inampa njia nzuri ya kupita: anyamaze, wao wanyamaze, miezi ipite, jambo lijifie lenyewe. Hakuna ambaye angemuuliza tena.

"Hana mimba," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Hakuwa nayo. Ni mimi niliyewaambia kabla sijajua."

Mmoja akacheka, akajifunika mdomo. Wengine wakakumbuka sufuria zao. Yule wa sauti ya kwaya hakuwa mtu wa kuachia kirahisi.

"Kumbe siku zote tulikuwa tunamwombea nani?"

"Mlikuwa mnaniombea mimi," mama mkwe alisema. "Endeleeni."

Akainua upande wake, ndoo ikakaa juu ya kata. Nilitaka kumtazama usoni lakini nilikuwa na maji kichwani, shingo haigeuki. Nilisikia tu anafunga khanga yake upya, kwa nguvu, na kisha nyayo zake mchangani zikinitangulia.

Tulipofika penye mwinuko alisimama akanisubiri. Nilikuwa nimezoea bomba la Mbinga, nilikuwa nahema.

"Jumapili ikipita sitapanda," alisema bila kugeuka. "Baridi yenu siiwezi."

"Sawa, Mama."

"Ila wewe utakaa hapa mpaka Jumapili. Twende wote kanisani, tukae benchi la mbele." Akaanza kupanda. "Na usitembee hivyo. Unamwaga."